Kazi za mikono kwa kundi la watoto: chagua kitendo kabla ya kitu

Video ina sekunde 40. Mikono miwili inakata kadibodi, inapaka gundi, inabandika macho, na mara bundi wa rangi tatu amesimama mezani. Mwalimu, mlezi wa kambi ya likizo au mzazi aliyebebeshwa shughuli ya sikukuu ya kuzaliwa anaitazama, anajiambia kuwa hii ni rahisi, anaihifadhi kwenye simu. Siku ikifika anajikuta na watoto 25, mikasi 7 ambayo minne kati yake haikati, na baada ya nusu saa bundi pekee aliyekamilika ni yule wa mfano aliyemtengeneza mwenyewe usiku uliotangulia.

Hapo ndipo maneno huanza. Watoto wa siku hizi hawana subira. Baadhi yao hawajajaliwa kipaji. Kazi za mikono ni fujo tupu, afadhali wapewe picha za kupaka rangi watulie. Kauli zote hizo zinakwepa swali la kazi yenyewe ilichaguliwaje. Mikono ya kwenye video ni ya mtu mzima, ina meza nzima peke yake, na kila ilipokosea pamekatwa. Kazi ilichaguliwa kwa sababu bundi alipendeza. Hakuna aliyejiuliza mtoto atakuwa akifanya nini dakika ya tano, dakika ya kumi na mbili, dakika ya ishirini, na mtoto wa mwisho mezani atakuwa akisubiri nini.

Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba ukichagulia kundi, unaanza na kitendo: kuchana, kukata, kusuka, kufinyanga, kugonga mihuri, kutunga uzi. Kitu kitakachopatikana kinafuata baadaye. Anayeanza na kitu hujikuta anatengeneza vitu 25 peke yake huku watoto wakimwangalia.

Aina mbili za kazi ambazo watu huzichanganya

Kuna kazi ya kufuata mfano. Kielelezo kipo, hatua zinajulikana, na kila mtoto anatarajiwa kumaliza na kitu kinachofanana na cha mwenzake: boti ya karatasi, kikapu cha kusuka, kadi inayofunguka. Na kuna kazi huria. Mtoto anapewa vifaa na swali au jambo la kujaribu, na hakuna ajuaye mapema kitakachotokea: rangi mbili na sifongo, rundo la vipande vya kadibodi na gundi, donge la udongo.

Ubishi kati ya aina hizi mbili ni wa zamani kuliko tunavyodhani. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa watoto kazi zenye utaratibu mkali: kukunja karatasi, kuisuka, kuitoboa kwa sindano kufuata nukta. Franz Cižek akafungua darasa lake la sanaa ya watoto huko Vienna mwaka 1897 akiwa na msimamo tofauti kabisa, kwamba mtoto aachwe aumbe kilichomo ndani yake bila kulazimishwa kuiga mkono wa mtu mzima. Leo wataalamu wengi wa malezi ya awali wameegemea upande wa Cižek, na utasikia ikisemwa kwamba kazi ya kufuata mfano inaua ubunifu.

Mimi sikubaliani na kauli hiyo yote. Kwa mtoto wa miaka 3, ni kweli, mfano haumsaidii kitu, kwa kuwa hawezi kuufuata na wala hajali. Lakini mtoto wa miaka 9 mara nyingi anataka kujua kitu kinatengenezwaje sawasawa. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria na kufanya kazi Marekani, alipanga mwaka 1947 ngazi za uchoraji wa watoto ambazo bado zinatumika katika mafunzo ya ualimu. Kati ya miaka 2 na 4 mtoto anachora mikwaruzo, na raha yake ni mwendo wa mkono. Kuanzia miaka 4 hivi anachora mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotoka kichwani moja kwa moja. Kati ya miaka 7 na 9 amepata taratibu zake: mstari wa ardhi chini, utepe wa anga juu, na kila kitu kimesimama kwenye mstari. Kuanzia miaka 9 anaanza kuona kwamba picha yake haifanani na kitu chenyewe, na inamuuma. Huo ndio umri ambao wengi husema "mimi sijui kuchora" na kuacha. Kumpa mtoto huyo karatasi tupu na kumwambia ajieleze kwa uhuru ni kumwongezea mzigo. Mpe mkunjo unaofanya kazi, fundo linaloshika, boti inayoelea. Akishaweza, ubunifu wenyewe utajitokeza, maana atataka boti ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo aina zote mbili zina mahali pake. Balaa huja tunapozichanganya: tunatoa kazi ya kufuata mfano huku tukiwaambia watoto wawe wabunifu, halafu tunawasahihisha wanapoweka macho ya bundi mgongoni.

Mikono inaweza nini

Chukua mkasi, kwa sababu ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko kifaa kingine chochote. Mtoto wa miaka 2 huchana karatasi kwa vidole, na hiyo ni kazi nzuri inayojitosheleza. Karibu na miaka 3 anaweza kufungua na kufunga mkasi mara moja, akapata mikato mifupi ya pembezoni kama pindo. Akifika 4 anafuata mstari ulionyooka. Mduara huja karibu na miaka 5, na maumbo yenye kona na mapinda baadaye. Hivi ni viwango vya jumla, na kwenye meza moja utakuta watoto wa umri uleule waliopishana mwaka mzima.

Mwangalie mtoto anayekata mduara kwa mara ya kwanza. Karatasi ameishika ikiwa imetulia tuli, na mkono wa mkasi ndio unaozunguka. Kiwiko kinapanda, kinafika usawa wa bega, kifundo cha mkono kinajipinda, na mwisho mkasi unakata kona. Dawa yake ni sentensi moja: mkasi ubaki mbele ya kifua, kidole gumba juu, na karatasi ndiyo izunguke. Watoto wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Wanaambiwa tu "kata vizuri".

Anayetumia mkono wa kushoto ana shida nyingine kabisa. Katika mkasi wa kawaida, kali la juu liko upande wa kulia. Ukiushika kwa mkono wa kulia, unaona mstari unaoukata, na msukumo wa kidole gumba unayabana makali yakutane. Ukiushika kwa kushoto, kali linafunika mstari, na msukumo uleule unayatenganisha makali. Karatasi inajikunja katikati yake badala ya kukatika. Takriban mtu 1 kati ya 10 hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kundi la watoto 25 linaweza kuwa na wawili au watatu wa namna hiyo, na mara nyingi wao ndio wanaoitwa wazembe. Kuna mikasi iliyoundwa kwa ajili yao, ambayo makali yake yamegeuzwa. Kama hamna, chagua kazi ya kuchana siku hiyo. Karatasi iliyochanwa ina ukingo laini wenye nyuzinyuzi ambao mkasi hauwezi kuutoa, na kwa picha za mawingu, manyoya au majani inapendeza zaidi.

Kwa vitendo vingine niseme kwa kifupi. Kutunga shanga kwenye uzi kunahitaji ncha ngumu, na selotepu iliyozungushwa kwenye ncha inatosha. Kushona kunawezekana mapema kuliko wengi wanavyofikiri ikiwa matundu yametobolewa kabla. Brashi fupi na nene inatiiwa na mkono mdogo, ilhali ile nyembamba ya mchoraji inamshinda.

Kuna watoto ambao hawavumilii gundi au rangi kwenye ngozi. Si deko. Mpe brashi ya gundi na kitambaa chenye maji karibu yake, asilazimishwe kutia vidole.

Foleni ndiyo inayoua kazi

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo video haiwezi kukuonyesha. Una watoto 24 na bunduki moja ya gundi ya moto, ambayo kwa usalama inashikwa na mtu mzima. Kila mtoto anahitaji dakika 2 tu za gundi. Mtoto wa mwisho atasubiri dakika 46. Haijalishi kazi ni tamu kiasi gani. Mtoto aliyesubiri dakika 46 ameshageuza mkia wa bundi kuwa upanga.

Kila kazi ya kundi ina hatua moja ambayo wote lazima wapitie na ambayo kifaa chake au msimamizi wake ni mmoja. Ukiipata hatua hiyo kabla ya siku yenyewe, umemaliza nusu ya maandalizi. Njia za kuivunja ni chache. Unaweza kuifanya mwenyewe mapema, kama kutoboa matundu yote ya kadi. Unaweza kubadili kifaa, gundi nyeupe au selotepu badala ya ile ya moto. Unaweza kugawa kundi, nusu wafanye kitendo kingine kisichohitaji kifaa hicho. Au unaiacha kazi hiyo ukachagua nyingine, na mara nyingi huo ndio uamuzi wa busara, ingawa inauma kwa sababu bundi alikuwa mzuri kweli.

Gundi nyeupe nayo ina siri yake. Inashika kwa sababu maji yaliyomo yanatoka, mengine yakienda hewani na mengine yakinyonywa na karatasi. Kadiri tabaka lilivyo jembamba ndivyo maji yanavyotoka haraka. Mtoto anaamini kinyume chake: gundi nyingi, nguvu nyingi. Anakamua chupa mpaka kinajaa kidimbwi, halafu anashangaa vipande vinateleza. Badala ya kumkemea kila mara, ondoa chupa mezani. Mimina kiasi kidogo kwenye vifuniko vya chupa, weka brashi moja moja, na tatizo linaisha lenyewe.

Halafu kuna kukauka, ambako watu hukusahau mpaka wakati umepita. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297 na urefu wa milimita 420. Karatasi 25 zenye rangi mbichi zinahitaji zaidi ya mita 3 za mraba, bila kuacha hata njia ya kupita. Una uzi wa kuanika? Una vibanio? Sakafu hiyo haitapitwa na mtu kwa saa nzima? Kama majibu ni hapana, leo si siku ya rangi ya maji. Krayoni, kukunja na kusuka havihitaji kukauka.

Muda wa kazi yenyewe utaupata kwa kuifanya wewe kwanza, kwa vifaa vilevile watakavyotumia watoto, si kwa mkasi wako mzuri wa nyumbani. Zidisha muda wako mara tatu. Kwa watoto wadogo sana geuza hesabu kabisa: wao hawachukui muda mrefu, wanamaliza dakika 4 na kuondoka mezani, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Umri ulioandikwa kwenye boksi

Huu ni mkanganyiko ambao hata watu makini wanao. Boksi limeandikwa miaka 3 na kuendelea. Mzazi anasoma kwamba mtoto wa miaka 3 ataiweza kazi hiyo, na kwamba mtoto wa miaka 2 aliye mwerevu naye ataiweza. Lakini alama hiyo ya 3 kwa kawaida haizungumzii uwezo hata kidogo. Inazungumzia koo. Nchini Marekani, kwa mfano, kitu cha kuchezea cha watoto walio chini ya miaka 3 hakiruhusiwi kuwa na kipande kinachoweza kuingia chote ndani ya kopo maalumu la kupimia lenye kipenyo cha milimita 31.7. Kopo hilo linawakilisha koo la mtoto mdogo lilivyo wazi. Shanga, kifungo, jicho la plastiki la bundi, vyote vinapita humo. Werevu wa mtoto haupanui koo lake.

Kwa kundi maana yake ni hii: kikomo cha ukubwa wa vipande kinawekwa na aliye mdogo kuliko wote chumbani, hata kama hayumo kwenye shughuli. Mdogo wa mtu aliyekuja kumsubiri dada yake anatambaa chini ya meza, na vinavyoanguka ndivyo anavyookota.

Alama ya pili inayopotosha ni ile isemayo kwamba bidhaa haina sumu. Inamaanisha kuwa ikitumiwa kama ilivyokusudiwa haitarajiwi kudhuru. Haimaanishi inalika, wala haisemi lolote kuhusu mzio: udongo laini wa rangi wa dukani mara nyingi umetengenezwa kwa unga wa ngano, na trei za mayai zinaweza kubaki na mabaki ya yai. Waulize wazazi kabla.

Wapo wanaojikinga kwa kusema wanatumia vitu vya asili tu. Boraksi, inayowekwa kwenye ute wa kuchezea unaotengenezwa nyumbani, ni madini yanayochimbwa ardhini, na inawasha ngozi na macho. Udongo wa mfinyanzi ni wa asili pia, na ukiwa mbichi ni rafiki mkubwa wa watoto, ila vumbi lake likikauka lina chembe za madini yaitwayo silika, zisizofaa kuvutwa mapafuni. Meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe.

Viwili ningeviondoa kabisa kwenye orodha ya kazi za makundi. Cha kwanza ni zile punje ndogo zinazovimba zikilowekwa majini hadi kuwa kama gololi laini. Zikimezwa zinaendelea kuvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo, na zimeshaua watoto. Cha pili ni kutumbukiza mikono kwenye plasta, ule unga mweupe unaogandishwa kwa maji na kufungiwa mfupa uliovunjika, ili kupata umbo la kiganja. Plasta inapoganda inazalisha joto, na ikiwa nyingi kwenye ndoo joto linaunguza huku mkono umeshakwama ndani. Mwaka 2007 nchini Uingereza msichana wa miaka 16 alipoteza karibu vidole vyake vyote kwa njia hiyo, tena darasani. Umbo la kiganja lipatikane kwa kukandamiza mkono kwenye udongo mbichi, mkono utolewe, ndipo plasta imiminwe kwenye shimo.

Chengachenga za plastiki zinazometameta nazo zinapungua. Umoja wa Ulaya ulianza kuzipiga marufuku zile za kumwaga Oktoba 2023 kwa sababu ya uchafuzi. Aliyewahi kuzifagia anajua kwamba hakuna aliyezililia.

Umri tofauti kwenye meza moja

Swali linaloulizwa zaidi ni hili: nina watoto wa miaka 4 hadi 11 pamoja, niwape nini? Jibu bora nililowahi kulikuta limetoka kwa watu wa kompyuta. Seymour Papert, aliyeshiriki kuunda lugha ya programu ya Logo mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, alisema kifaa kizuri cha kujifunzia kina sakafu ya chini na dari ya juu, na Mitchel Resnick baadaye akaongeza kuta pana. Ifikirie kama nyumba. Sakafu iwe chini kiasi kwamba kila mtu anaingia bila ngazi. Dari iwe juu kiasi kwamba mrefu hagongi kichwa. Na kuta ziachane, ili kila mmoja aende upande wake.

Bundi wa kadibodi ana sakafu ya juu na dari ya chini: wadogo hawaingii, na wakubwa wakishammaliza hawana pa kwenda. Linganisha na kusuka karatasi, kazi iliyokuwa kwenye orodha ya Fröbel. Karatasi moja inakunjwa katikati, inakatwa mikato kuanzia kwenye mkunjo kuelekea ukingoni bila kufika mwisho, inafunguliwa, na utepe wa karatasi ya rangi nyingine unapitishwa juu, chini, juu, chini. Mtoto wa miaka 4 anapewa karatasi iliyokwisha kukatwa, yenye nafasi pana za vidole vitatu, na tepe ngumu za manila zisizokunjika njiani. Atakosea, atapita juu mara mbili mfululizo, na karatasi itashika tu. Mtoto wa miaka 7 anakata mwenyewe, na hapo anagundua jambo ambalo hakuna haja ya kumwambia: utepe wa pili lazima uanze kinyume na wa kwanza, la sivyo unateleza nje. Mtoto wa miaka 11 anakata mikato yenye mawimbi badala ya kunyooka, anapita juu ya mbili na chini ya moja, anachora kwanza mpango wake kwenye karatasi ya miraba ili herufi ya jina lake itokee katikati ya msuko. Vifaa ni vilevile, kitendo ni kilekile, hakuna foleni, hakuna kukauka.

Vikaragosi vya soksi vina sifa hiyohiyo, na kugonga mihuri ya sifongo pia. Ukiwa na kazi kama tatu za namna hii unaweza kuongoza makundi kwa miaka.

Vifaa vingi, zawadi, na mkono wa mtu mzima

Watu wengi huamini kwamba meza iliyojaa vifaa huzaa ubunifu. Kwa rangi, jaribu kinyume chake. Weka rangi sita mbele ya watoto wanane wa miaka 4, na baada ya dakika kumi vikopo vyote vina kahawia. Weka njano na bluu tu. Kila mchanganyiko utakaotokea utakuwa aina fulani ya kijani, na mtoto ataona kwa macho yake kwamba kijani cha jirani si sawa na chake. Siku nyingine njano na nyekundu.

Kuhusu zawadi kuna utafiti maarufu wa mwaka 1973 wa Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine walipewa cheti hichohicho bila kutarajia, wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa darasani kama mchezo mmojawapo, na wale walioahidiwa cheti walizitumia kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Kwa hiyo shindano la "kazi bora" linaweza kumnyima hamu hata huyo mshindi. Ukitaka kusema neno, sema ulichokiona: "umeweka nyekundu pembeni kote". Mtoto ataendeleza maelezo mwenyewe.

Msaada nao una kipimo. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha mwaka 1976 matokeo ya kuwatazama watoto wa miaka 3, 4 na 5 wakijenga piramidi ya vipande vya mbao wakiwa na mwalimu. Wa miaka 3 walihitaji zaidi kuvutwa warudi kwenye kazi. Wa miaka 4 walihitaji maneno ya kuwarekebisha. Wa miaka 5 walitaka tu mtu wa kuwathibitishia. Kwa mpangaji hii ni hesabu ya watu wazima: kadiri kundi lilivyo dogo kwa umri, ndivyo unavyohitaji wasaidizi wengi, hata kama kazi yenyewe ni rahisi mno.

Na wasaidizi hao wakubaliane jambo moja kabla ya kuanza, kwamba hakuna anayegusa kazi ya mtoto. Akikwama, msaidizi achukue kipande chake cha karatasi, aonyeshe hapo mkunjo unavyokwenda, kisha akiweke kando. Mfano uliomalizika, kama ni lazima uwepo, uwe zaidi ya mmoja na isifanane, uonyeshwe mwanzoni, halafu ufichwe.

Wanaowahi kumaliza wawe na meza yao yenye jambo lisilohitaji maelezo, kama mabaki ya karatasi na gundi. Usiwape kazi ya kuwasaidia wenzao, maana hawasaidii, wanawafanyia. Dakika 10 za mwisho ni za usafi na zihesabiwe ndani ya muda wa kazi, kila meza ikiwa na ndoo yake, kwa sababu sinki moja ni foleni nyingine. Jina liandikwe nyuma ya karatasi mwanzoni kabisa, kabla kopo la rangi halijafunguliwa, tena kwa penseli. Wino wa kalamu za rangi ukilowa unatawanyika, na mwisho wa siku hakuna anayeweza kusema ipi ni ya nani.